Kufungua si kuvunja

(Haya ni mazungumzo ya juma lililopita kama yalivyosomwa redioni.)



Juma hili nimeletewa swali kutoka Nangwa, wilayani Hanang, ambalo sikuona vema kulijibu kwa sentensi mbili na kupita. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne anasema anataka kuwa fundi wa vitasa na makufuli. Amekwisha kujifundisha kidogo. Amefumua makufuli mabovu kadhaa na kuyarudishia, mengine yakafunga na mengine yakagoma. Rafiki zake humpelekea makufuli ya baiskeli na ya masanduku ya shule. Anauliza mambo mawili. La kwanza, aanzeje. La pili ndilo lililonifanya nikae kitako: mama yake hataki hata kusikia. Anamwambia, "Mwanangu, siku nyumba ya mtu ikivunjwa hapa kijijini, mlango wa kwanza kugongwa utakuwa wangu."

Nitaanza na hili la mama, kwa sababu mama huyo si mjinga hata kidogo. Amesema kwa maneno ya jikoni jambo ambalo sheria zetu zinalisema kwa maneno ya mahakamani. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, zinamhesabia kosa mtu anayekutwa usiku ana vifaa vya kuvunjia nyumba pasipo sababu halali. Na zinaongeza kwamba kuithibitisha sababu hiyo ni juu yake yeye aliyekutwa navyo. Tumezoea kwamba anayeshtaki ndiye athibitishe. Hapa mzigo umegeuka. Sasa mfikirie kijana huyu anarudi saa nne za usiku kutoka kitongoji cha pili, begani ana mfuko wenye bisibisi, msumeno wa chuma, nyundo na rundo la funguo. Akutane na mgambo. Atajieleza kwa nani, na nani atamjua?

Kwa hiyo swali la mama na swali la kijana ni swali moja. Kuanza ufundi wa vitasa si kuanza na tupa na jiliwa. Hivyo vitakuja. Ni kuanza na kujulikana, kwa jina na kwa kazi, na watu ambao siku moja watasimama waseme: huyu tunamfahamu, tulimwita sisi.

Katika sehemu kama Nangwa jambo hili lina uzito wa pekee, na sababu yake iko katika historia ya milango yenyewe. Wazee wa Kiiraqw walijenga tembe, nyingine zikachimbiwa ubavuni mwa kilima hata paa likakaribiana na ardhi. Ndani walilala watu na ng'ombe pamoja. Barabaig nao walizungushia boma lao miiba. Mlango wa nyumba hizo ulifungwa kwa magogo au kwa komeo la mti, na uliyafungia ndani. Mchana nyumba haikukosa mtu: bibi yupo, watoto wapo, jirani anaona. Komeo hufungwa na aliye ndani. Kufuli hufungwa na anayeondoka. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana kufuli lilipokuja lilikuja pamoja na maisha ya kuondoka: mwalimu anayekwenda kazini, mwenye duka anayelala mbali na bidhaa zake, mwanafunzi wa bweni na sanduku lake la bati, na ofisi na maghala ya mashamba ya ngano ya NAFCO kule Basotu, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada. Hata lugha ina ushahidi wake. Komeo tumelitengeneza wenyewe, lakini neno kufuli tumelipokea kutoka Kiarabu pamoja na chombo chenyewe.

Basi mlango ambao ulikuwa ukilindwa na watu ukaanza kulindwa na chuma. Na chuma kina tabia moja mbaya: hakimjui mtu. Ufunguo ukipotea, mwenye nyumba na mwizi wanakuwa sawasawa mbele ya mlango. Hapo ndipo anapohitajika fundi, na hapo hapo ndipo fundi anaposhukiwa.

Hebu tuingie kwenye kazi yenyewe, maana kijana ameomba kujua aanzeje.

Ufundi huu huku kwetu haukai peke yake. Umegawanyika katika fani za wengine. Seremala hufundishwa kuchimba mlango na kupachika kitasa kikae sawa na fremu. Mchomeleaji hufundishwa kutengeneza geti na komeo lake. Fundi mitambo hufundishwa kushika tupa, kupima na kukata chuma bila kukiharibu. Fundi vitasa huchota kidogo kwa kila mmoja. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana ni kwamba asitafute mahali panapofundishwa vitasa vitupu. Ajiunge na mojawapo ya fani hizo katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mimi ningechagua uchomeleaji au ufundi mitambo kabla ya useremala, ingawa najua maseremala watanuna. Tupa ndiyo mama wa ufunguo, na asiyejua tupa atabaki kupachika vitasa vya dukani tu. Kama ada au umbali vitamshinda, VETA ina utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia mitaani: mtu anapimwa, anafundishwa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Cheti hicho asikidharau. Kwa fundi wa kawaida ni karatasi ya kuombea kazi, kwa fundi vitasa ni karatasi ya kumwonyesha mgambo.

Pamoja na chuo, atafute mkono wa kuuangalia. Wachonga funguo wako katika miji yetu, Babati, Singida na Arusha. Utamkuta mtu ana kiti, jiliwa, na ubao uliotundikwa funguo ambazo hazijachongwa. Na tazameni, ndugu wasikilizaji, Kiswahili kinavyosema: hatutengenezi ufunguo wala hatuukati, tunauchonga, kama kinyago. Mwenye kuutazama mkono wa fundi wa zamani ataelewa kwa nini. Anauweka ufunguo wa mteja juu ya moshi wa kibatari mpaka uwe mweusi. Anaubana kwenye jiliwa pamoja na ule mpya, ubavu kwa ubavu. Kisha anapiga tupa taratibu akifuata mabonde na vilima vya ule wa kwanza, na tupa inapoanza kuugusa weusi wa masizi, anaacha. Masizi ndiyo rula yake. Siku hizi zipo mashine, za umeme na za kuzungusha kwa mkono, na umeme wa REA umefika vijiji vingi. Lakini mashine haifundishi jicho, na siku umeme umekatika mteja bado yuko nje ya mlango wake.

Ndani ya kufuli la kawaida kuna nini? Kuna kipande cha mviringo kinachozunguka, na juu yake vimetobolewa vitundu vyenye vipini vidogo vya shaba vinavyosukumwa na springi. Kila kipini kimekatwa sehemu mbili. Ufunguo wake ukiingia, makato yote yanasimama katika mstari mmoja, na kile kipande kinazunguka. Kipini kimoja kikipanda juu zaidi au kikibaki chini, hakizunguki. Wazo hili ni la kale mno. Misri ya zamani walikuwa na vitasa vya mti vyenye vipini vinavyodondoka kwa uzito wao. Mmarekani Linus Yale Mdogo ndiye aliyelipa wazo hilo umbo la ufunguo mdogo bapa tulionao mifukoni, katika miaka ya 1860. Vitasa vya milango ya ndani, vile vyenye ufunguo mrefu wa meno, ni ukoo mwingine: ndani yake mna vibao vya chuma ambavyo ufunguo huviinua kimoja kimoja hadi kimo chake.

Kutokana na hayo fundi anapaswa kuijua hesabu moja, na mwananchi pia aijue. Kufuli lenye vipini vitano, kila kimoja kikiweza kuwa na vimo sita, linaweza kwa hesabu kuwa na funguo 7,776 zinazotofautiana. Lenye vipini vitatu na vimo vinne lina 64 tu. Sitini na nne! Fikirieni ni makufuli mangapi ya namna hiyo yanauzwa siku moja ya mnada. Ndipo unapomsikia mtu analalamika kwamba jirani amefungua kufuli lake kwa uchawi, kumbe jirani amefungua kwa ufunguo wa kufuli lake mwenyewe, yote mawili yalinunuliwa kwa mchuuzi mmoja. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla hajamuuzia chochote.

Na jambo jingine linalowahusu watu wa Hanang hasa, la vumbi. Kiangazi kikikolea na upepo ukishuka, kitasa kinashiba vumbi. Mwenye nyumba anamimina mafuta, ya kupikia au oili chafu ya pikipiki. Siku tatu kinateleza vizuri, kisha mafuta na vumbi vinakuwa ugali na ufunguo unakatikia ndani. Dawa yake ni risasi ya penseli. Isage iwe unga, tia kwenye tundu, ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa. Basi. Hilo nimelitoa bure, na fundi wa Nangwa anisamehe kwa kumpunguzia wateja.

Namna ya kufungua kufuli pasipo ufunguo sitaieleza hapa hatua kwa hatua. Redio haina mlango, inasikilizwa na wote. Lakini sikubaliani na wale wanaosema ujuzi huo usifundishwe kabisa. Hoja yao ni ya zamani na ilikwisha kujibiwa. Mwaka 1851 kulikuwa na Maonyesho Makuu jijini London. Mmarekani mmoja, Alfred Charles Hobbs, akaenda huko na kutangaza kwamba vitasa ambavyo Waingereza wanajivunia anaweza kuvifungua. Akakifungua kile cha Chubb kwa dakika 25 mbele ya mashahidi. Kisha akaliendea kufuli la Bramah. Hilo lilikuwa limewekwa dirishani mwa duka tangu mwaka 1790, na pamoja nalo tangazo kwamba atakayelifungua atalipwa gini 200. Iliundwa kamati ya waamuzi. Hobbs akalihangaikia kwa saa 51, zilizotawanyika katika siku 16, na likafunguka. Watu wakapiga kelele kwamba anawafundisha wezi. Jibu lake lilikuwa kwamba wezi wanajua kazi yao vizuri, wasiojua ni wenye nyumba.

Mimi katika kisa hicho navutiwa na kamati. Mtu alifungua vitasa vilivyosifiwa kuliko vyote vya zama zake na hakuna aliyempeleka gerezani, na baadaye akawa na kiwanda chake cha vitasa huko huko London. Kwa nini? Kwa sababu waamuzi waliwekwa kabla hajaanza, na kila aliyetaka kujua alijua anafanya nini na kwa idhini ya nani. Nangwa haina maonyesho makuu, lakini ina mwenyekiti wa kitongoji, ina mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Kijana aende kwao kabla ya kazi ya kwanza, na aende na mama yake. Aseme: mimi fulani, nimejifunza kazi hii, vifaa vyangu ndivyo hivi, mvione na mviandike. Akiitwa usiku, asiende peke yake. Aende na aliyemwita, na balozi au mwenyekiti wa kitongoji ajulishwe. Sehemu yake ya kazi iwe mahali pa wazi, barabarani, si uani kwao. Naona kijana anaweza kufikiri kwamba kufanya hivyo ni kujidhalilisha, kwamba fundi baiskeli haombi ruhusa. Ni kweli haombi. Lakini fundi baiskeli hapewi ndoto za watu kuzishika mkononi.

Baada ya hapo anunue daftari. Namaanisha daftari hasa, la kurasa nyingi. Kila kazi iandikwe: tarehe, jina la mteja, nambari ya kitambulisho chake, kitongoji, kazi iliyofanyika, shahidi alikuwa nani, na sahihi. Daftari hilo litamlinda kuliko mbwa. Siku nyumba itakapovunjwa kweli, na siku hiyo itakuja, atalifungua mbele ya polisi.

Ziko kazi ambazo atazikataa. Atakayemletea kipande cha sabuni kimepigwa chapa ya ufunguo, na ombi la kuchongewa kama huo, amrudishe na sabuni yake akaoge. Mtoto aliyetumwa kuchongesha ufunguo wa nyumba arudi na mzazi. Na fundi asijiwekee nakala ya ufunguo wa mtu hata kwa nia njema ya kwamba "ukipotea nitakuwa nao". Kwa bodaboda, ambao nadhani ndio watakaompa riziki nyingi kuliko milango, sharti ni kadi ya pikipiki. Mtu akija anaisukuma Boxer kwa mkono, anatoa jasho, anasema ufunguo umedondoka porini na ana haraka, fundi aulize kadi iko wapi na jina lililomo ni la nani. Mwenye haki atakasirika kidogo, kisha ataenda kuileta. Asiye na haki ataenda asirudi.

Lakini si kila jambo lina kadi. Tuchukue sanduku la marehemu. Mzee amefariki, amezikwa juzi, na usiku wanakuja vijana wake wawili wa kiume: fundi, tufungulie sanduku la baba, ufunguo hatuuoni. Ni watoto wake kweli, hakuna anayebisha. Ndani huenda mna hati ya shamba, huenda mna fedha za mnada, huenda mna daftari la nani anamdai nani. Wajane hawapo, dada hawapo, na mtoto wa mke mdogo yuko Dar es Salaam. Fundi akifungua, kesho kitakachokosekana kitakuwa kimeibwa naye. Jibu lake liwe la heshima na liwe moja: poleni na msiba, ndugu zangu, nitafungua bila malipo siku ambayo ukoo umekaa, mtendaji yupo, au mahakama ya mwanzo imemteua msimamizi wa mirathi. Watamtukana. Avumilie. Katika mashauri ya mirathi niliyowahi kuyafuatilia kwa kazi yangu, ugomvi ulikuwa ukianzia kwenye sanduku lililofunguliwa kabla ya kikao.

Gumu zaidi ni la mke aliyefungiwa nje. Mume amebadili kitasa, ameondoka, mama yuko uani na watoto na jua linazama. Nyumba ni ya nani? Wanaume wengi kijijini watakwambia ni ya mume, kwa sababu yeye ndiye aliyenunua bati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo kirahisi. Mume hawezi hata kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mimi ningemwambia fundi amwite mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili, na wakisema huyu ni mke wa nyumba hii na anaishi hapa, afungue. Najua wapo watakaonilaumu kwa kusema hivyo. Lakini fundi anayemfungulia mwenye duka kwa dakika mbili na kumwambia mama mwenye watoto asubiri mume atoke safari, huyo amekwisha kuchagua upande.

Sasa malipo. Hapa wananchi tunapaswa kukemewa, nasi tukubali. Fundi akija, akachutama mbele ya mlango, ukafunguka kwa dakika mbili, tunaanza kununa: yaani kazi hii ndogo ndiyo unataka pesa zote hizo? Angehangaika saa mbili, akatoboa mlango na kuvunja fremu, tungemlipa na soda juu yake. Tunalipia jasho, hatulipii ujuzi. Kwa hiyo fundi ataje bei kabla hajaugusa mlango, na mteja aseme ndiyo mbele ya shahidi yule yule. Ataje pia nauli ya kuja hata kama mlango utakataa. Na mteja naye akumbuke kuweka kwenye hesabu bei ya fremu, bawaba na kitasa kipya ambavyo angenunua kama angevunja.

Je, Nangwa inaweza kumlisha fundi wa vitasa? Kwa vitasa peke yake, hapana, na asidanganywe na mtu. Funguo hazipotei kila siku. Apachike milango mipya, atengeneze makomeo ya mageti, azibe matundu ya vitasa vya zamani, atengeneze baiskeli kama ikibidi, na siku za mnada awe mnadani na kiti chake. Vifaa vya kuanzia si vingi: jiliwa, tupa bapa, tupa ya pembetatu, tupa mviringo, msumeno wa chuma, koleo, bisibisi za ukubwa mbalimbali, drili ya mkono, kibatari. Kabla ya kununua funguo za kuchonga, azunguke kwanza madukani Nangwa na Katesh aone ni makufuli gani yanauzwa, anunue zinazoingia humo. Wengi hununua shehena nzima mjini kisha wanagundua hakuna kitasa kijijini kinachozipokea. Fedha ipo njia ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo atafute wenzake, tuseme mchomeleaji, seremala na fundi pikipiki, na hao ndio haswa anaowahitaji kwa kazi.

Nisingependa msikilizaji afikiri kwamba haya ni mambo ya kijana mmoja na tumbo lake. Niliwahi kufika katika zahanati moja ya kijiji, jina lake nalihifadhi. Chumba cha dawa kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Nilipouliza, nikaambiwa ufunguo ulikuwa mmoja, mhudumu aliondoka nao kwenda msibani, na usiku akaletwa mama mjamzito anatoka damu. Wanaume walichukua shoka wakavunja mlango. Walifanya sawa, na ningekuwapo ningeshika shoka mimi. Lakini ilikuwa imepita miezi tangu usiku ule, na mlango ulikuwa bado umeegeshwa, dawa zimehamishiwa kwenye droo ya meza. Nikauliza kama hapakuwa na fundi wa kuufungua. Mzee mmoja akanijibu, "Mwandishi, alikuwapo kijana mmoja anayejua mambo hayo. Tulimfukuza kijijini mwaka ule mwingine. Tuliona anajua sana."

Kila kijiji kinaweza kufanya hili juma hili hili bila kusubiri mfadhili: kuhesabu funguo za zahanati, za shule, za ghala na za ofisi ya kijiji, kuchongesha wa pili wa kila mmoja, kuutia ndani ya bahasha iliyopigwa muhuri na kuuhifadhi kwa mtendaji kwa kuandikiana. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mmoja. Na itakuwa kazi ya kwanza yenye heshima ambayo kijiji kimempa mbele ya watu wote.

Na kwa Hanang iko kazi nyingine kubwa zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliteremka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, na nyumba zikaondoka na masanduku, hati na funguo zake. Kwa walionusurika zilijengwa nyumba mpya zaidi ya 100 kule Waret. Kila moja ina milango, kila mlango una kitasa, na vumbi la Hanang halijui nyumba mpya. Familia hizo zimekwisha kuona mlango ukichukuliwa na mlima. Kitakapokwama cha kwanza, wataulizana ni nani wa kuitwa, na mwenyekiti wao atatafuta katika kichwa chake jina la mtu anayemfahamu.